"Homa haijapungua" si "hana homa": maswali yenu kuhusu kompyuta na mafaili ya wagonjwa

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi kwamba hospitali zinazotunza mafaili ya wagonjwa kwenye kompyuta zinaweza kutumia uchakataji wa lugha, yaani programu zinazosoma sentensi za kawaida, ili kuokota taarifa zilizozama ndani ya maelezo ya madaktari na wauguzi. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi, na nyingi zilitoka kwa watu wanaoishika kazi hiyo kwa mikono yao. Nimechagua tano, nimezifupisha bila kubadili maana, na nimeondoa majina.

Ndugu mhariri, salaam. Mimi ni daktari katika hospitali moja wilayani Temeke. Tuna mfumo wa kompyuta kwa mwaka wa nne sasa, na nilitaka kujua ni wagonjwa wangapi wa kisukari waliopata vidonda miguuni. Sehemu ya kujaza namba ya ugonjwa hujazwa kwa haraka, mara nyingi "kisukari" tu, kwa hiyo kijana wetu wa tehama alitafuta neno "ulcer" na neno "kidonda" katika maelezo yote. Aliniletea orodha ndefu. Nilipofungua mafaili ishirini ya kwanza, zaidi ya nusu hayakuhusu. Tumekosea wapi?

Salaam nimezipokea, daktari. Neno kuwamo ndani ya faili hakuthibitishi kwamba jambo linalotajwa limo mwilini mwa mgonjwa, na sijui aina nyingine ya maandishi ambayo ukweli huo unajitokeza wazi kama maelezo ya kitabibu. Daktari mwangalifu huandika alichokiona, lakini huandika pia alichokitafuta asikione, kwa sababu mwenzake wa zamu inayofuata anahitaji kujua kwamba miguu ilikaguliwa. Kwa hiyo faili la mgonjwa wa kisukari aliyehudumiwa vizuri litataja kidonda mara nyingi hata kama mgonjwa huyo hajawahi kuwa nacho. Anayehesabu kwa kutafuta neno atamhesabu, na kadiri madaktari wanavyokuwa waangalifu ndivyo hesabu yake itakavyozidi kupotoka.

Yapo pia makosa ya upande wa pili, ambayo orodha yako haiwezi kukuonyesha kwa kuwa ni ya wagonjwa waliokosekana. Neno la Kiswahili hubadilika mwanzoni: anayetafuta "kidonda" hapati "vidonda", wala hapati "donda ndugu", jina ambalo wagonjwa wengi hulitumia kwa jeraha linalooza na kutambaa. Wakati huohuo neno "ulcer" limewaletea watu wenye vidonda vya tumbo, ambavyo havina uhusiano na miguu.

Niliwahi, nikiwa bado kijana katika ofisi ya kumbukumbu ya hospitali moja ya jiji hili, kuhesabu wagonjwa wa kifua kikuu kwa njia hiyohiyo. Hesabu ilikwishapelekwa mbele tulipogundua kwamba sehemu kubwa ya mafaili yale yaliandikwa "?PTB", kifupi cha Kiingereza cha kifua kikuu cha mapafu, alama ya kuuliza ikitangulia, maana yake daktari alishuku na kuagiza makohozi yapimwe. Programu yetu ilikuwa imefuta alama zote za uandishi kabla ya kutafuta, tukidhani ni takataka. Maana yote ya maandishi yale ilikuwa imebebwa na alama ile moja, na hadi leo inaniuma nikikumbuka kwamba kuna watu walipanga kiasi cha dawa kwa kuitegemea namba yetu.

Tatizo hili lilitambuliwa mapema. Katika Chuo Kikuu cha New York, Naomi Sager na wenzake walikuwa wakichambua sentensi za kitabibu kwa kompyuta tangu miaka ya 1970, na katika Chuo Kikuu cha Columbia, Carol Friedman alijenga katika miaka ya 1990 mfumo wa MedLEE, ulioanza kwa kusoma ripoti za eksirei za kifua. Hatua ninayopenda kuwasimulia wanaoanza, hata hivyo, ni ya mwaka 2001, pale Wendy Chapman na wenzake wa Pittsburgh walipochapisha kanuni iitwayo NegEx. Kanuni yenyewe ni nyepesi: tafuta maneno ya kukanusha, kwa mfano "no" (hakuna) au "denies" (anakana), kisha dalili yoyote inayotajwa karibu na neno hilo, yakiwa yametenganishwa na maneno yasiyozidi matano, ihesabiwe kuwa haipo, isipokuwa pale ambapo ukanushi ni wa sura tu, kama katika "no increase" (hakuna ongezeko). Mwaka 2009 kanuni hiyo ilipanuliwa na kuitwa ConText, ikaanza kuuliza pia kama jambo ni la sasa au la zamani, kama limetokea au linahofiwa tu, na kama ni la mgonjwa mwenyewe au la ndugu yake. Mashindano ya i2b2, ambayo hupambanisha programu za kusoma maelezo ya wagonjwa, yaliyofanyika Marekani mwaka 2010 yaligawa hali hizo katika makundi sita: jambo lipo, halipo, linawezekana, hutokea kwa sharti fulani, linaweza kutokea baadaye, au ni la mtu mwingine.

Kwa swali lako, daktari, sioni haja ya mfumo mkubwa. Anza kwa kuwapata wagonjwa wa kisukari bila kutegemea maelezo: namba ya ugonjwa, dawa walizoandikiwa, vipimo vya sukari. Ndani ya mafaili hayo peke yake, mwambie kijana atafute sentensi inayotaja jeraha kwa majina yake yote, ya Kiingereza na ya Kiswahili, umoja na wingi, pamoja na sehemu ya mguu. Kila sentensi itakayopatikana ipitishwe kwenye maswali hayo ya ConText. Kisha wewe mwenyewe usome mafaili mia moja au mia mbili, uyaandikie jibu la kweli kabla hujaona jibu la kompyuta. Jihadhari pia na maelezo yaliyonakiliwa. Mfumo wa kompyuta humruhusu daktari kuchukua maelezo ya juzi na kuyabandika leo, na kidonda kilichokwisha kupona Machi kinaweza kuendelea kuwa kibichi kwenye faili hadi Agosti.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sayansi ya kompyuta, naishi Ubungo. Kwa mradi wangu nimeruhusiwa kutumia maelezo ya kliniki ya watoto yaliyoondolewa majina. Sehemu kubwa ni Kiingereza cha vifupisho, lakini maneno ya mzazi yameandikwa kwa Kiswahili kama alivyoyasema. Programu nyingi ninazozipata ni za Kiingereza. Je, nitafsiri yote kwa Kiingereza kwanza, kisha nizitumie?

Marahaba, mwanangu. Usitafsiri kwanza. Nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo kazi yetu inapoachana na ya wenzetu wa New York na Pittsburgh.

NegEx inafanya kazi kwa kuwa ukanushi wa Kiingereza mara nyingi husimama kama neno la peke yake. Kiswahili huuweka ndani ya kitenzi. "Ana homa" na "hana homa" zinatofautiana kwa herufi moja. "Anakohoa" na "hakohoi" zinatofautiana mwanzoni na mwishoni. Programu inayosubiri neno la kukanusha lililosimama peke yake haitaona chochote. Unahitaji kichanganuzi kinachoweza kulivunja neno katika viambishi vyake, kazi ambayo Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliianza kwa Kiswahili tangu miaka ya 1980.

Hata ukishakikamata kiambishi, bado hujafika. Soma sentensi hizi kama muuguzi: "homa haijapungua", "hajaacha kutapika", "kidonda hakijakauka". Katika kila moja kitenzi kimekanushwa, na katika kila moja dalili ipo, pengine imezidi. Kilichokanushwa ni kupungua, kuacha na kukauka. Kanuni inayosema "palipo na ukanushi, futa dalili" itamwondoa kwenye orodha mtoto mwenye homa ya siku ya tano. Lazima utenge orodha ya vitenzi vya aina hii, yaani kupona, kuisha, kupungua, kuacha, kukoma, kutulia, na kuipa kanuni ya kinyume.

Kisha kuna kundi la tatu, ambalo mimi naliona ni zito kuliko yote mawili. Lugha yetu hutaja dalili nyingi kwa kukanusha kile ambacho mwili mzima ungekifanya. Mama hasemi kwamba mtoto ana tatizo la kunyonya, anasema "hanyonyi". Anasema "hakojoi", "hajitambui", "hachezi", "hali wala hanywi". Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya yuko katika ishara za hatari ambazo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuhudumia watoto wagonjwa unamtaka mhudumu aziangalie mwanzo kabisa. Ukanushi hapo ndio dalili. Zingatia pia kwamba "hali" ya "hali chakula" inafanana herufi kwa herufi na "hali" ya "hali yake ni nzuri". Sentensi moja inaita daktari, nyingine inaruhusu mtoto aende nyumbani, na programu ya tafsiri isiyotazama neno linalofuata inaweza kuzichanganya.

Jifunze mwenendo wa "wala" na "lakini". Katika "hana homa wala kikohozi wala kuharisha", ukanushi unatembea hadi mwisho. Katika "hana homa lakini anaharisha", unakatika kwenye "lakini". Kanuni ya maneno matano haitakutosha. Fuata viunganishi.

Maneno yenyewe ya wazazi yana upana wake. "Ana kifua" yaweza kuwa kikohozi cha siku mbili, pumu, au kifua kikuu. "Presha" ni kipimo na ni ugonjwa, na kuna ya kupanda na ya kushuka. Mguu kwetu unaanzia nyongani hadi kwenye vidole. Watu wengi huita "malaria" homa yoyote, hata baada ya kipimo kuonyesha hakuna wadudu, kwa hiyo katika faili moja unaweza kukuta mzazi anasema malaria na mstari wa chini umeandikwa "mRDT neg", yaani kipimo cha haraka cha malaria hakikuona kitu, bila yeyote kusema uongo. "Degedege" kwa mhudumu wa afya ni mtukutiko wa mwili wa mtoto. Kwa bibi wa Pwani linaweza kuwa ugonjwa kamili wenye asili yake na tiba yake. Usiyageuze maneno haya kuwa istilahi moja ya Kiingereza mapema mno. Yahifadhi kama yalivyosemwa, uweke pembeni tafsiri unayoikisia na kiwango cha uhakika wako.

Kuna mitego miwili ya wakati. Wa kwanza ni saa. Mama akisema mtoto alipewa dawa "saa mbili usiku", amesema saa 20:00, ilhali muuguzi aliyeandika chati kwa Kiingereza ataandika 20:00 au 8 p.m. Programu inayosoma "saa 2" kama saa nane za usiku itasogeza dozi kwa saa sita, na kwa dawa inayotolewa kila baada ya saa nane kosa hilo si dogo. Wa pili ni vifupisho vya siku: "3/7" katika maelezo ya kliniki ni siku tatu, "2/52" ni wiki mbili, "6/12" ni miezi sita. Programu za kutambua tarehe zitakupa tarehe 3 Julai.

Kuhusu modeli, yaani programu zilizojifunza lugha kutokana na maandishi mengi, zilizofunzwa kwa lugha za Kiafrika, zipo na zitakusaidia. AfriBERTa ya mwaka 2021 ilifunzwa kwa lugha 11, Kiswahili kikiwamo, na mkusanyiko wa MasakhaNER wa mwaka huohuo una sentensi za Kiswahili zilizowekewa alama za majina ya watu, mahali, taasisi na tarehe. Lakini sentensi za MasakhaNER zilitoka kwenye habari za vyombo vya habari, na hakuna mwandishi wa habari anayeandika "homa 3/7, anakohoa, hanyonyi". Utapaswa kutengeneza data yako. Chukua sentensi mia chache, uwape wahudumu wawili waziwekee alama kila mmoja peke yake, kisha upime wanakubaliana kwa kiasi gani baada ya kuondoa yale ambayo wangeweza kukubaliana kwa bahati tu. Kipimo cha Cohen cha mwaka 1960, kiitwacho kapa, kinatumika kwa hilo. Wahudumu wenyewe wasipokubaliana, usiidai kompyuta ipate jibu. Rekebisha kwanza maelekezo uliyowapa.

Mhariri, mimi ni tabibu wa zahanati huko Mbagala. Sisi bado tunaandika kwa mkono na kujumlisha vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kila mwisho wa mwezi. Je, tukipiga picha daftari zetu kwa simu, kompyuta inaweza kuzisoma?

Kwa sasa sikushauri, tabibu. Kusoma mwandiko ni hatua moja na kuelewa sentensi ni hatua nyingine, na makosa ya hatua ya kwanza huzidishwa na ya pili: umeona hapo juu kwamba herufi moja inatenganisha "hana" na "ana". Vitabu vya MTUHA tayari viko katika safu na tarakimu, kwa hiyo havihitaji uchakataji wa lugha. Vinahitaji mtu wa kuviingiza kwenye kompyuta kwa uangalifu. Na picha za daftari zikikaa kwenye simu binafsi ya mtumishi, hilo ni tatizo jingine, ambalo barua inayofuata inaligusa.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Magomeni. Nimesoma habari ya kompyuta kusoma mafaili nikashtuka. Niliyomweleza daktari nilimweleza yeye. Nani amewaruhusu wengine wayasome? Na wakisema wameondoa jina langu, nitaaminije?

Mama, una haki ya kuuliza, na ningependa kila anayeandika programu hizi aisome barua yako kabla hajafungua faili la kwanza.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, ambazo masharti yake ni makali zaidi, na imeunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambako mwananchi anaweza kupeleka malalamiko. Hospitali inayotumia maelezo yako kukutibu iko ndani ya kusudi ulilolikubali ulipoingia chumba cha daktari. Utafiti ni kusudi jingine, nalo hupaswa kupita kwanza mbele ya kamati ya maadili. Una haki ya kuiuliza hospitali yako inafanya nini na maelezo yako, na kupewa jibu linaloeleweka.

Kuhusu kuondoa jina, mashaka yako yana msingi kuliko pengine unavyojua. Kanuni za Marekani zinataja aina 18 za vibainishi vinavyopaswa kuondolewa, kuanzia jina na namba ya simu hadi picha ya uso, na programu nyingi za kuficha utambulisho zimejengwa kwa kufuata orodha hiyo. Nyingi zimefunzwa kwa majina ya Kiingereza. Sasa fikiria majina yetu: Shida, Tabu, Neema, Baraka, Furaha, Subira, Riziki, Tatu. Ni maneno ya kila siku. Katika "Shida ana shida ya kupumua", programu lazima ifiche neno la kwanza na kuliacha la tatu. Ikikosea upande mmoja imefichua mtu, ikikosea upande mwingine imefuta dalili. Tena wewe huenda hujulikani mtaani kwa jina la cheti bali kama mama fulani, kwa jina la mwanao wa kwanza, na muuguzi huandika hivyohivyo: "ameletwa na Mama Baraka". Jina hilo halimo katika sehemu ya jina la mgonjwa, na linakutambulisha barabara.

Anwani zetu nazo haziko katika sura ambayo programu hizo zinaijua. Badala ya namba ya nyumba na jina la barabara, faili litasema anaishi nyuma ya msikiti, jirani na mashine ya kusaga, nyumba ya geti la bluu, au litataja jina la mjumbe. Mtu wa Magomeni akisoma hivyo anakuja moja kwa moja hadi mlangoni. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba hakuna mkusanyiko wa maelezo ya wagonjwa wa Dar es Salaam unaopaswa kuitwa salama kwa sababu tu umepitishwa kwenye programu ya kigeni ya kufuta majina. Lazima usomwe pia na watu wanaojua mitaa hii inavyotaja watu.

Upo mfano mzuri wa kujifunza. Mkusanyiko uitwao MIMIC-III, uliotangazwa mwaka 2016, una taarifa za wagonjwa zaidi ya 40,000 waliolazwa katika vyumba vya wagonjwa mahututi vya hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston. Tarehe zote zilisogezwa hadi kati ya mwaka 2100 na 2200, lakini kwa kila mgonjwa nafasi kati ya tukio na tukio iliachwa kama ilivyokuwa, ili mtafiti ajue siku ngapi zilipita bila kujua ni siku gani. Na hata baada ya kazi hiyo yote, maelezo hayakuachwa wazi kwa kila mtu: anayetaka kuyatumia hupitia mafunzo kwanza na kutia saini mkataba. Ukiambiwa siku moja kwamba hospitali yako inashiriki utafiti wa namna hii, uliza mambo mawili: nani ametia saini, na maelezo yanahifadhiwa kwenye kompyuta ya nani.

Ndugu mjibu maswali, mimi naongoza kitengo cha takwimu katika hospitali moja ya Ilala. Amekuja mtu wa kampuni anayetuuzia mfumo wa akili mnemba. Anasema unasoma maelezo ya daktari na kutambua wagonjwa wa kisukari, na kwamba unapatia mafaili 91 katika kila 100. Namba hiyo inaonekana kubwa. Je, tununue?

Ndugu, kabla ya bei mwombe akupe namba nne, yaani waliookotwa kwa haki, waliookotwa kimakosa, waliokoswa na walioachwa kwa haki, kwa sababu hiyo moja inaweza kuficha mengi. Tuchukue mfano wa kufikirika. Mna mafaili 200, na madaktari wenu wamekwisha kuyasoma na kukuta 50 ni ya wagonjwa wa kisukari. Mfumo unachagua mafaili 40. Kati ya hayo 36 ni ya kweli na 4 si ya kweli. Maana yake umewakosa wagonjwa 14, na umewaacha kwa haki 146 wasio na kisukari. Jumlisha 36 na 146 upate 182, ambayo ni asilimia 91 ya mafaili yote. Muuzaji hajasema uongo.

Sasa tazama upya. Katika mafaili ambayo mfumo uliyaokota, asilimia 90 ni sahihi. Katika yale ambayo ulipaswa kuyaokota, umepata asilimia 72 tu. Zaidi ya robo ya wagonjwa wenu wa kisukari hawamo. Kipimo kinachounganisha namba hizo mbili, ambacho wataalamu hukiita F, kinatoa asilimia 80. Na mfumo ambao ungesema "hakuna mwenye kisukari" kwa kila faili, bila kusoma hata neno moja, ungepatia mafaili 150 kati ya 200, yaani asilimia 75. Kwa ugonjwa wa nadra hali ni mbaya zaidi: wakiwa wagonjwa 10 katika mafaili 1,000, mfumo wa kukataa kila kitu hupata asilimia 99.

Namba ipi ni muhimu zaidi inategemea mnataka kufanya nini. Kama ni kuwaita wagonjwa waje kupimwa macho, ni afadhali mfumo uokote wengi, hata ukikosea wachache, kwa kuwa aliyeitwa bure hupoteza asubuhi moja na aliyesahauliwa anaweza kupoteza uwezo wa kuona. Kama ni kuwasilisha madai ya bima, anayeokotwa kimakosa ndiye atakayewaletea matatizo.

Swali la pili ni namba hizo zilipimwa kwa maelezo ya nani. Mfumo uliopimwa kwa maelezo ya hospitali ya ng'ambo haujapimwa kwa ajili yenu. Toeni mafaili 200 yenu, yaliyosomwa na watu wenu, na mwuzaji asiyaone kabla ya siku ya jaribio. Mafaili hayo yasitoke nje ya kompyuta za hospitali. Kama mfumo wake unahitaji kupeleka maelezo kwenye kompyuta zilizo nchi nyingine, sheria niliyomtajia mama wa Magomeni ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa nje ya nchi, na mwanasheria wenu ahusishwe kabla ya jaribio lenyewe.

Swali la tatu linahusu modeli kubwa za lugha za siku hizi. Zinasoma sentensi zilizochanganya lugha mbili vizuri kuliko kanuni za zamani, nami nakiri nimefurahi kuziona zikiielewa "homa haijapungua" bila kufundishwa. Lakini zina tabia ya kujaza pengo: faili lisiposema kama mgonjwa anavuta sigara, modeli inaweza kuandika "havuti". Mashindano ya i2b2 ya mwaka 2006 yaliyohusu uvutaji yalikuwa na kundi lake maalumu la wasiojulikana, na mfumo wenu lazima uwe nalo. Sharti lenu liwe kwamba kila jibu lije na sentensi ya daktari lililotokana nayo, neno kwa neno, na programu ndogo ya pembeni ihakikishe sentensi hiyo imo kweli ndani ya faili. Jibu lisilo na sentensi lihesabiwe kuwa halipo.

Jaribio likiisha, mwombeni awaletee mafaili yote ambayo mfumo uliyakosa. Kaeni na daktari mmoja na muuguzi mmoja, myasome moja baada ya jingine, na kando ya kila moja mwandike sababu: ni kifupisho, ni Kiswahili cha mgonjwa, ni alama ya kuuliza, ni maelezo yaliyonakiliwa. Mkishaona sababu ipi imejirudia, mpeni orodha hiyo na mwulizeni ni ipi anayoweza kuirekebisha, kwa muda gani, na iandikwe ndani ya mkataba kabla hamjatia saini.